Mabega ya Kipunjabi

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na hunirudia kila ukifungulia hizo ngoma zako za Kipunjabi ujifunze kurapu, mpaka kikombe changu kinatetemeka mezani.

Nilikuwa kijana, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye gereji ya Kalasinga mmoja mzee, Mpunjabi wa kilemba, pale Riruta Satellite. Jioni nilikuwa msanii, au ndivyo nilivyojiita. Nilirapu Kiingereza kitupu, tena kwa pua. Mtoto wa mzee naye alikuwa ameanza kurapu, lakini kwa Kipunjabi, juu ya ngoma za mavuno za kwao zilizotiwa besi. Nikamwambia baba yake, nikidhani ataniunga mkono, "Mzee, kijana wako anaimba kishamba."

Mzee akaweka spana chini. "Sikia, fundi. Hii ngoma baba yangu napiga kule kwetu. Mimi nakuja Nairobi, naona haya, naacha. Sasa mtoto naokota. Wewe, mama yako nasikia nyimbo yako?"

Mama alikuwa amekuja kutoka Vihiga, yuko kwangu Kibera, na tangu tumzike baba hakuwa amecheka. Aliponiomba nimwimbie, nilimrapia Kiingereza, akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mgeni. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa mwenyewe nilikuwa mimi.

Basi nikaazima kwa yule kijana kaseti ya midundo mitupu. Nikaimba juu yake kwa Kimaragoli, Kiluhya cha kwetu Vihiga, habari za mama na ng'ombe wake mkaidi. Mara mabega ya mama yakaanza. Wapunjabi huchezea mabegani, na sisi Waluhya vilevile, hukujua? Akasimama katikati ya chumba akiyatikisa, analia na kucheka. Jirani akachungulia mlangoni.

"Kwani mathe amekuwa Mhindi?"

"Hii ni ya kwetu," mama akamjibu, wala hakusimama.

Kwa hivyo sikukatazi hizo ngoma, mwanangu. Zipige tu. Lakini wale vijana wa Kipunjabi unaowasikiliza wamefika kwa nyimbo zao mpaka hapa Kawangware bila kuficha lugha ya mama zao, na hilo ndilo la kuiga. Okota mdundo popote, maneno yatoe nyumbani. Nyanya yako kule Kitui, mamake mama yako, ana nyimbo za Kikamba ambazo hakuna aliyemwuliza habari zake. Mpigie simu leo. Mungu akupe sauti, na amweke hai mpaka aisikie.