Msumari Mahali pa Fyuzi

Amefariki yule bwana mwenye nyumba wangu wa zamani, pale pembeni mwa mji wa Kisii. Habari nilizipata redioni asubuhi nikinyoa ndevu, na tangazo lenyewe lilikuwa refu kuliko la waziri. Lilimtaja kuwa mzee wa kanisa, mtumishi mwaminifu wa serikali na, hapa wembe ulinikata, mwanzilishi wa ufundi wa kuchomelea vyuma katika sehemu zetu. Wasomaji wangu mnajua kwamba sina desturi ya kumsema maiti. Leo nitamsema. Mtu aliyeishi kwa kuvishwa kilemba cha ukoka si lazima azikwe nacho.

Nilipanga chumba cha uani kwake nilipokuwa mwalimu kijana, miaka michache baada ya uhuru. Alikuwa karani mkuu katika ofisi moja ya serikali mjini, akikalia kiti kilichoachwa na Mzungu, na aliamini kwamba ujuzi wote wa yule Mzungu ulibaki kwenye mto wa kiti ukimngoja yeye. Alimrekebisha daktari kuhusu dawa na mchungaji kuhusu Maandiko. Mimi alinirekebisha Kiswahili changu, kwa Kiswahili ambacho singekubali kutoka kwa mtoto wa darasa la tatu. Nilinyamaza. Mbali na kuwa mwenye nyumba, alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa ipitie mikononi mwake.

Siku moja alirudi kutoka Nairobi na mashine ya kuchomelea, ile inayotumia vijiti vya chuma vilivyopakwa dawa. Ilikuwa nzito kiasi kwamba wanaume wanne waliibeba wakiguna hadi gereji, nayo gari ikahamishiwa nje kwenye mvua. Majirani walikuja kuitazama. Alisimama kando yake mikono nyuma, kama aliyeizaa. Lango jipya la kanisa, akatangaza, atalichomelea yeye mwenyewe, Jumapili, mbele ya wageni.

Alikuwa na akili kidogo ya kutosha kumwita fundi aje aiunganishe na umeme. Fundi huyo alitoka upande wa Nyamira, mtu mfupi, mpole, aliyewahi kutunza mitambo ya kiwanda cha chai kwa miaka mingi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa gereji nikisikia yote. Aliizunguka mashine, akafungua kisanduku cha fyuzi ukutani, akatazama nyaya zilizopanda darini, kisha akatikisa kichwa.

"Yaya, omogaka," alisema, yaani hapana, mzee. "Nyaya hizi ni za taa na redio. Mashine hii inataka waya wake peke yake, mnene, utoke kwenye swichi kuu, uwe na fyuzi yake. Na kipande cha shaba kizikwe ardhini hapo nje. Kwanza tuwaulize watu wa umeme kama laini ya nyumba itaubeba mzigo huo."

"Hiyo itachukua muda gani?"

"Labda mwezi."

"Wageni wanakuja Jumapili."

"Wageni watangoja, mzee. Moto haungoji."

Marehemu alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne, mzee."

"La nne," alirudia, akinigeukia ili tucheke pamoja. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Fundi alikusanya vifaa vyake taratibu, akaaga, akaenda zake bila kugusa hata waya mmoja.

Jumamosi alasiri marehemu aliiunganisha mwenyewe kwa waya aliokata kutoka kwenye pasi. Akaijaribu, fyuzi ikakatika. Akatia nyingine, nayo ikakatika. Mtu mwenye darasa la nne angeelewa kwamba anaambiwa jambo. Yeye alichukua msumari, akaubana mahali pa fyuzi, akafunga kisanduku na kupangusa mikono. Niliona kwa macho yangu. Aliniambia, "Mwalimu, hiyo ndiyo tofauti ya elimu," akaingia ndani kula.

Jumapili walikuja mchungaji, makarani wenzake na wazee wa kanisa, wakapangiwa viti uani. Alivaa koti jeupe la daktari, sijui alilitoa wapi, na kinyago cha kuchomelea kilichong'aa. Alitoa hotuba. Kisha akaigusisha rodi, yaani kile kijiti chenye dawa, kwenye chuma cha lango. Ilinguruma, ikanata palepale kama ulimi kwenye barafu. Badala ya kuiachilia aliivuta, akaisukuma, akaitukana, mashine ikiunguruma na redio sebuleni ikizima. Sisi tulidhani ndivyo inavyokuwa. Mchungaji hata alipiga makofi.

Moshi ulianza kutoka darini, juu ya chumba changu. Ubao wa dari ulikuwa mkavu, na nyaya zilikuwa zimepata moto kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kitu pekee ambacho kingeukata umeme kilikuwa kimegeuzwa msumari. Marehemu aliona moto, akatupa kishikio, akakimbia. Alikimbia na kinyago usoni, akajikwaa kwenye kiti cha mchungaji, akapotelea kwenye migomba. Aliyeingia gereji ni mkewe. Aliipiga swichi kuu kwa mpini wa ufagio hadi ikashuka, na kipande cha dari kilichokuwa kikiwaka kikamwangukia mkononi. Tuliuzima moto kwa maji ya pipa. Chumba changu kilikwisha, pamoja na nusu ya paa la nyumba. Mama yule alipelekwa hospitalini.

Kabla majivu hayajapoa, marehemu alikuwa ametoka migombani na maelezo yake tayari: fundi ndiye aliyeunganisha nyaya, fundi ndiye aliyeharibu. Jumatatu askari wa chifu walimtoa fundi kwake wakamleta. Niliitwa nami, kwa kuwa niliishi pale. Marehemu alikuwa amekalishwa kwenye kiti, fundi amesimama.

"Mwalimu," chifu aliniuliza, "uliona nani akishika nyaya?"

Nilitazama viatu vyangu. Niliifikiria ile barua. "Sikuwa nimesimama karibu, chifu," nilisema.

Fundi alilala mahabusu usiku ule, na uliofuata.

Jumatano mkewe marehemu alitoka hospitalini, mkono umefungwa bendeji, na hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa chifu, ambako mumewe alikuwa akiandikisha mashtaka na mimi nikisubiri kutia sahihi kuhusu vitu vyangu vilivyoungua. Aliweka msumari mweusi mezani.

"Huu ulikuwa mahali pa fyuzi. Nilimtuma dada yangu autoe kabla haujatupwa. Mume wangu ndiye aliyeutia, Jumamosi alasiri, Sabato yetu ikiwa bado haijaisha. Huyo fundi alikataa kazi, nilimsikia nikiwa jikoni."

"Mama," marehemu alisema kwa sauti ya ofisini, "rudi nyumbani."

"Nyumba ipi? Ile uliyoichoma?"

Chifu alikohoa kwa muda mrefu. Fundi aliachiliwa. Hakuna aliyemwomba radhi, kwa kuwa siku zile mtu wa kiti hakumwomba radhi mtu wa nyundo.

Baadaye mama yule alimfuata fundi mwenyewe, kwa miguu, akamwomba arudi. Alirudi kwa ajili yake. Watu wa umeme waliitwa, waya mnene ukapitishwa, shaba ikazikwa, fyuzi ya kweli ikatiwa, na kwa miaka miwili gereji ile ilitoa milango na vitanda vilivyoenea hadi Mosocho. Marehemu aliketi kivulini akiwaonyesha wageni. "Nilimfundisha mimi," alikuwa akisema, na fundi hakuinua kichwa. Hatimaye fundi alikwenda kufungua karakana yake Nyamira, na mashine ya marehemu ikashika kutu, maana aliyejiita mwalimu wake hakujua kuiwasha.

Tulipata uhuru, tukarithi viti, tukarithi na dharau iliyokuwa imevikalia. Tukadhani kalamu inajua kila kitu na mkono wenye mafuta haujui lolote. Nchi nzima ina misumari mahali pa fyuzi, na wanaoitia hutangazwa redioni wakifa. Simsamehei yule mzee, na kifo chake hakijanilainisha.

Lakini mwaka juzi nilipita Nyamira, nikaiona karakana, nikaingia. Fundi alikuwa akiunga fremu ya dirisha. Nilimwambia nilichopaswa kumwambia chifu miaka ile: kwamba niliona msumari ukitiwa, kwamba nilidanganya, kwamba naomba radhi. Barua yangu ya kazi, niliongeza, niliipata.

Aliweka chini kishikio.

"Nilijua uliona," alisema. "Yule mzee hakunishangaza, mwalimu. Yule nilimjua tangu aliponiuliza darasa. Siku ile kwa chifu sikumtazama yeye. Nilikutazama wewe. Uliposema hukuwa karibu, ndipo nilipojua nitalala ndani."

Alinipa mkono wake, tena bila kinyongo, jambo lililokuwa gumu zaidi kulipokea. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba mjinga mwenye cheo, akiwa peke yake, huunguza nyumba yake tu. Kumfunga mtu asiye na kosa kulimhitaji mtu wa pili: msomi, mwenye adabu, aliyeona kila kitu akachagua kutazama viatu vyake.