Mzungu Aliyepita Getini

Wanasema mie mbishi. Sawa. Mwaka huu nimebishana na wanaume wa timu yetu mbele ya masufuria ya pilau, na hata kesho nitabishana tena. Naandika ilivyokuwa kwa sababu huko Temeke naona inasimuliwa upande mmoja tu.

Kila mwaka wazee wa timu hukusanyika uani kwenye jengo la klabu kuwaombea wenzetu waliotangulia. Sheikh anaomba, katekista naye anaomba, maana timu ilikuwa ya watu wa dini zote. Kabla yao nasimama mie kuita majina ya marehemu. Nikiita jina, waliocheza naye huitikia namba yake ya jezi. Nikimtaja golikipa, wanasema "moja". Karatasi hakuna. Shule niliiacha mapema sana, lakini majina ninayo yote: la mtu, la baba yake, na lile la utani. Hapa siandiki hata moja. Hayo ni ya kuitwa kwa sauti, palepale uani.

Desturi yenyewe ilianzia kwenye sufuria langu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimetoka kusini, mume wangu anafanya kazi kiwandani Chang'ombe, nami nikapata kazi ya kupika kambini, ile nyumba ambayo wachezaji walikuwa wanalala siku chache kabla ya mechi. Wachezaji kwa wali ni wezi. Mtu anakula, anazunguka nyuma ya nyumba, anarudi na sura ya upole kama hajaonja kitu. Ndipo nikaanza kuita: naita jina, mtu anajibu namba, anapewa sahani yake. Namba iliyokwisha kujibu haijibu tena.

Kocha naye alipanga foleni. Alikuwa Mzungu mrefu, goti moja limevimba, anatembea kama anayekwepa dimbwi. Watu walimwita Myugoslavia. Kila mara aliwasahihisha, hata muuza machungwa: "Mimi Mkroatia." Jina lake lilikuwa gumu, alinifundisha mpaka ulimi ukalizoea. Nikimwita, anajibu, "Tisa."

Namba tisa wetu akawa analalamika. "Kocha, tisa mie."

"Wewe tisa ya leo. Mimi tisa ya jana. Jana nayo ina njaa."

Maisha yake ya mpira alinisimulia nikiwa nafua jezi, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Alizaliwa mji wa bandari, baba yake fundi wa meli. Walicheza kwenye changarawe, na mpira wao ulikuwa soksi iliyojazwa matambara. Nikamwambia hiyo ni chandimu, hata huku ipo. Akafurahi kama nimemtajia ndugu yake. Vita ikaja akiwa kijana, wakacheza na njaa zao. Ilipokwisha akawa mshambuliaji wa timu ya mji wake, akafunga magoli mpaka wanawake wa sokoni wakawa wanampa samaki bure. Kisha akaitwa timu ya taifa. Walisafiri kwa treni mpaka nchi ya mbali, akakaa benchi karibu mashindano yote. Mwishoni wakamwingiza, akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba. Hawakumwita tena. Baada ya hapo likaja goti, kikaja kisu cha daktari, akaanza kufundisha nchi za watu, mpaka akafika kwetu.

"Uliwachukia?" nilimuuliza.

"Nani, mwamba?"

Nilicheka mpaka jezi ikaniponyoka ikaingia kwenye mchanga, nikaifua upya.

Sasa, beki wetu wa kushoto. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa wazee, anatembea na fimbo, lakini wakati ule alikuwa na mbio na maneno mengi. Siku moja mazoezini alisema huyu Mzungu anafundisha kwa mdomo tu. Kocha akavua saa, akaingia uwanjani na goti lake bovu. Akapokea mpira, akatingisha bega. Beki akaenda huku, mpira ukaenda kule. Akarudia, ikawa vilevile. Wachezaji wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Unatazama mguu wangu," kocha akamwambia. "Mguu muongo. Tazama mpira."

Kile kicheko yule hakukisahau. Somo ndilo alilolisahau.

Ikaja mechi ya kombe na wapinzani wetu wakubwa. Kamati ya ufundi, wale wazee waliokuwa wanashughulikia mambo ya mganga, wakatangaza kwamba wapinzani wamefukia kitu getini kwa uwanja. Mtu wetu asipite pale, wote waruke ukuta wa nyuma. Nilikuwepo na ndoo yangu ya machungwa. Niliwaona wachezaji wanaruka. Nilimwona daktari wa timu anarushiwa mkoba wake. Nilimwona mweka hazina amening'inia na kitambi chake, wengine wanamsukuma kutoka chini, anawaambia taratibu jamani, suruali ya kuazima. Mie waliniwekea ngazi.

Kocha akautazama ukuta, akalitazama goti. "Mimi nimeajiriwa mpira," akasema. Akatundika wavu wa mipira begani, akapita getini peke yake, huku akimsalimia askari.

Tulifungwa goli moja, karibu na mwisho. Winga wao alikuja upande wetu wa kushoto, akatingisha bega, beki akafuata mguu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli letu, niliona kwa macho haya. Lakini jioni kule kambini hakuna aliyemtaja beki. Wote walisema geti. Wiki haikuisha, kocha akaambiwa afungashe. Nilimkaangia samaki wa njiani, nikamfungia na chapati. Waliomsindikiza tulikuwa mie na winga wetu wa kulia, basi.

Winga huyo baadaye akawa baharia, na bado ana marafiki kwenye bandari za huko. Mwaka huu ndiye aliyeleta habari kwamba kocha alishafariki, tena zamani. Nikamwambia basi naye ataitwa siku ya dua.

Siku ilipofika nilitoka Boko, kwa binti yangu, nikawahi Temeke. Mwenyekiti akanijia kabla sijakaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nasikia unataka kumwita yule Mzungu. Tumwache. Kamati imeamua."

"Kamati ipi? Ile iliyowarusha ukuta?"

Waliokuwa karibu wakaanza kukohoa. Katibu, kijana wa rika la wajukuu zangu, akaingilia kwa adabu. "Bibi, ishu siyo uzungu wala dini. Hapa tunaitikia namba, na yeye hakuwahi kuwa mchezaji wetu. Sasa tuitikie nini?"

"Tisa."

"Tisa ya wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ya kwao. Na ya kwenye sufuria langu, uliposimama nyuma yake na sahani yako."

"Alitukosesha kombe, dada. Alipita getini."

"Goli lilipita ubavuni kwako, mdogo wangu. Halikupita getini."

Akageuka akasema majina ataita mtu mwingine, dua haiwezi kushikwa na mtu mmoja. Nikakaa, nikaagiza chai. Mzee mmoja akasimama, akakumbuka watatu, akakwama. Wa pili akataka kumtaja marehemu ambaye ni mdogo mtu, kumbe ametaja jina la kaka mtu, na kaka mwenyewe amekaa pale anatafuna tende. "Mie bado," akasema yule kaka, "labda mniue nyie." Wakacheka, kisha wakaanza kunitazama.

"Haya, njoo," mwenyekiti akasema.

Nikaja. Nikaanza na golikipa, nikashuka, wakawa wanaitikia vizuri. Nilipomaliza namba tisa wetu nikamwita kocha, pale alipokuwa anasimama kwenye foleni. Nikalitaja jina lote, kama alivyonifundisha.

Sheikh akatazama saa yake.

"Endelea, dada," mwenyekiti akasema.

"Sijajibiwa."

"Watu wana njaa."

"Naona. Na mie nimesimama."

Nikalitaja tena. Magoti yananiuma, moshi wa pilau unaniingia machoni, na nilikuwa nimeshaamua kwamba kama ni kulala pale nitalala. Ndipo winga akaitikia, kutoka kwenye kiti chake cha nyuma, sauti yake nyembamba siku hizi: "Tisa." Mwingine akaitikia. Kisha wengi kwa pamoja, na katibu ambaye hakuwa hata amezaliwa.

Mwenyekiti alikuwa anaikodolea macho fimbo yake. Hakuitikia. Nami sikumsubiri, nikaita namba kumi.