Kuni ya Jumatatu

Wenzangu mliosoma enzi zile kuni ilikuwa sehemu ya yunifomu, mko wapi? Kwetu Wamunyu, Jumatatu ulifika shuleni na daftari mkononi na kuni kwapani. Huna kuni, huli. Na usijaribu kusema umesahau, maana Mama Kyalo, mpishi wetu, alisimama langoni akikagua kuni kwa makini kuliko mwalimu alivyokagua kucha.

Chakula kilikuwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mbaazi. Mbaazi zenyewe ulizitafuta kwa kijiko, lakini harufu ilipoingia darasani saa tano, hesabu zote ziliyeyuka kichwani.

Leo nacheka, ila kwangu haukuwa mchezo. Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Nilikuwa darasa la nne, nasinzia kwa njaa kila siku, nikashika mkia. Baba, aliyekuwa mchonga vinyago, akaniambia wazi, "Mwende, kama ni kwenda kulala huko, baki hapa umsaidie mama yako kuteka maji." Bahati yangu, wiki hiyohiyo shule ikaanza kupika. Baba akanipa muhula mmoja wa kujaribu, basi.

Sasa Jumatatu moja nimechelewa, nikachomoa gogo nyuma ya karakana ya baba, mbio! Mama Kyalo, naye ana haraka zake, akalisukuma mekoni. Saa saba niko na sahani yangu, namwona baba huyo anakuja, uso umekunjamana. Kumbe lile gogo lilikuwa twiga! Alikuwa ameshachonga miguu yote minne, na mimi kwa haraka nilidhani ni matawi.

Ngai! Nikajua shule imeniishia. Baba akainama mekoni, akaona miguu ya twiga inafuka moshi chini ya sufuria. Akanitazama. Akawatazama watoto wote waliokaa chini wakila, wakitaniana kwa sauti.

"Baba Mwende," Mama Kyalo akamwambia, "huyu siku hizi halali darasani. Muulize mwalimu."

Baba akakuna kichwa. "Haya, kula umalize," akaniambia. "Twiga wa watu asiende bure."

Nilishusha pumzi, jamani, hadi machozi yakanitoka. Habari ya kubaki nyumbani kuteka maji haikutajwa tena.

Siku hizi binti yangu anasoma Machakos mjini. Kuni haijui, chakula anapakuliwa, na jioni anakuja amenuna, "Mum, leo tena githeri, mahindi na maharagwe yaleyale! Nimemwachia Mutua wa darasani kwetu nusu." Zamani ningempa hotuba ya saa nzima. Siku hizi namuuliza kitu kimoja tu, "Na darasani, ulisinzia?" Anacheka, anashangaa ni swali gani hilo. Nani husinzia shuleni?

Hajui. Na asijue.