Mama Mkwe na Filamu Zisizo na Rangi

Saa tisa, jua la Migwani likiwa bado kali, mama mkwe huketi mbele ya televisheni na kiondo anachokisuka, akisokota katani pajani bila kuitazama. Hakuna tamthilia inayompendeza, wala hakuna anayoikosa. "Hawa wanapiga kelele kama mbuzi mnadani," hulalamika. "Na huyu mjane analia nywele zimetengenezwa vizuri hivyo!" Anazoheshimu ni filamu za zamani, zile zisizo na rangi. Huko, husema, mtu akikasirika anafunga mlango tu, na wewe unajua. Kanyiva, mke wa mwanawe, hupenda kutazama vidole vyake kuliko kioo: hadithi ikinoga hupunguza mwendo, ikimuudhi huvuta uzi kwa nguvu.

Jana, katika tamthilia, mama mkwe mmoja alimpigia magoti mke wa mwanawe, akaomba msamaha kwa machozi na hotuba ndefu. Vidole vya msokotaji vikasimama kabisa. Kanyiva akakumbuka Krismasi, alipoambiwa na mama mkwe wake mbele ya wageni kwamba muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, ni chakula cha kuku.

"Mwaitu, mama, nibadilishe stesheni?" akauliza.

"Wacha." Kisha mama mkwe akasonya. "Maneno yote hayo ni ya nini?"

Leo kiondo kimekwisha. Mama mkwe amekata nyuzi za mwisho, akatia ndani mahindi ya muthokoi na maharagwe, akakiweka mapajani pa Kanyiva.

"Jumapili tuna wageni. Utapika wewe."

Kanyiva akafungua mdomo ashukuru, akakumbuka filamu zile zisizo na rangi, akakipokea kimya kwa mikono miwili.