Matabishi ya Korosho

Mama mwenye duka la kona, mtaani Matonge, hauzi kitu bila matabishi, ile nyongeza ya bure. Ukilipia muhogo tu, mkono wake wa kulia umeshazama kwenye pakiti ya korosho iliyo wazi kando ya mizani, anakujaza kiganja, na asante yako hana haja nayo. Jumanne msambazaji alileta tangazo kwamba korosho zile huenda zina bakteria. Mama akaziondoa zote rafuni, akazifungia kwenye katoni, akabandika karatasi mlangoni. Msambazaji akasema inatosha, wateja watasoma.

"Bale balilipa, bon, batasoma. Na bale nilipatia bure?"

Akavaa koti, akafunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo hata siku za msiba halifanyi. Alianzia saluni ya jirani, akamuuliza mwenye saluni:

"Maman Larissa, mutoto alikula zile korosho za jana?"

"Alikula zote, maman. Tangu asubuhi analia tumbo."

Mtoto mwenyewe akatokea nyuma ya kiti, akamtambua mgeni, akakinga kiganja. Mama akauingiza mkono wa kulia mfukoni mwa koti, akauacha humo.