Mkangazi wa Swaumu

Kila asubuhi, kabla hajashika ndoo ya kumwagilia, Biubwa alizamisha kidole kwenye udongo wa mche mmoja mmoja. Penye unyevu alipita, palipokauka alisimama. Zuwena, mwenzake pale kitaluni Mlandizi, alikuwa haachi kumtania.

"Unaipima homa, daktari?"

"Naipima. Mgonjwa aliyenishinda ni wewe."

Biubwa aliipenda kazi ile. Kampuni yao ilikuwa ya mambo ya tabianchi. Wageni walikuja kutoka mjini, wakapanda miti, wakapiga picha. Juma lile bosi wao, Halidi, alimwita akamwambia anataka kumfanya msimamizi, na pikipiki atapewa.

"Fikiria, Ijumaa unijibu."

Tatizo, mzee Mwinyimadi wa Mbwawa naye alikuwa anamtaka akafanye kazi kwake. Kitalu chake kidogo, mshahara wake mdogo, pikipiki ndiyo hana kabisa. Lakini Biubwa alipokwenda kumtembelea, mzee hakuanza na miche iliyostawi. Alimpeleka kwanza kwenye iliyokufa.

"Hii imeliwa na mchwa. Hii nilichelewa kuipanda, mvua ikanikimbia. Nataka mtu wa kunisaidia isife mingine."

Biubwa alirudi na maneno hayo kichwani. Kule kwa Halidi, tangu aanze kazi, hajawahi kusikia mti umekufa.

"Usiniambie unafikiria," Zuwena alisema. "Mtu unaacha pikipiki unafuata mzee wa ndala?"

"Kwani ndala hazifiki?"

Alhamisi wageni wakaja. Halidi alikuwa ameshaagiza mashimo yawe mafupi, na viriba, ile mifuko ya nailoni ya miche, visichanwe kwanza. Wageni wasijichafue, alisema, wafanyakazi watavichana baadaye. Biubwa akaona sawa tu.

Alipangiwa kumsaidia mama mmoja mtu mzima, Bi Biasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mche wa mkangazi ulionyooka. Huu wa mjukuu wangu Swaumu, kazaliwa juzi."

Biubwa akalainika. Kwao Kisarawe, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Wake upo nyuma ya nyumba ya bibi yake, na mpaka leo akienda kusalimia majirani humtania, "Mwenzio anazaa, wewe je?" Akaushika mche kwa mikono miwili wakati Bi Biasha akisukumia udongo.

"Utanitunzia?"

"Nitautunza, mama."

Magari yalipoondoka, Halidi akapiga makofi. "Haya, ng'oeni, pakieni! Kesho tuna wageni wengine Gwata, na miche ndiyo hii hii."

Kumbe ndiyo maana viriba havikuchanwa. Biubwa akamfuata Halidi.

"Na wa Swaumu?"

"Swaumu ndiyo nani?"

"Mjukuu wa yule mama."

Halidi akacheka, wala si kwa ubaya. "Biubwa bwana! Picha si anayo? Atakuja huku kuuangalia?"

"Nimemwambia nitautunza."

"Ah, ukishakuwa msimamizi utazoea."

Hapo ndipo alipopata jibu. Aliona kweli angezoea. Angekuja siku moja, juu ya pikipiki, kuwaambia wenzake wang'oe, na moyo usimshtuke.

Akachuchumaa. Akautoa mkangazi, akakichana kiriba kwa wembe, akalichimba shimo mpaka likafika goti. Akaurudisha mche, akashindilia udongo, akaumwagia maji. Kisha Biubwa akavua fulana ya kampuni aliyoivaa juu ya gauni, akaikunja vizuri, akamkabidhi Halidi.

"Ijumaa si kesho?" Halidi akauliza.

"Jibu limewahi, bosi. Nashukuru, tumeishi vizuri."

Akamgeukia Zuwena. "Shoga, huu usipakiwe."

"Nani aupakie, na kiriba umeshakichana?" Zuwena akautazama mche, akamtazama mwenzake, mdomo ukamcheza. "Nenda bwana kwa mzee wako. Kidole na mimi ninacho."

Biubwa akacheka mpaka getini. Dereva wa bodaboda akamwita, dada twende, akamjibu leo anatembea. Akaishika njia ya Mbwawa, udongo bado umemkauka viganjani, na kitalu cha Halidi hakukikanyaga tena.