Koleo la Mama Ausi na tundu lake dogo

Wewe unayesoma, umewahi kushika kitu kimoja kwa miaka thelathini, ukakipenda, na usijue kilitengenezwa kwa kazi gani?

Ni saa moja asubuhi, Mandawa, wilayani Ruangwa. Mhunzi Eustakio Protasi, mwenye miaka 67, anazungusha gurudumu la baiskeli linalopuliza moto wake. Makaa yana rangi ya papai bivu.

Mbele yake amesimama Rabia Hasani, mjane kutoka Naipingo, Nachingwea. Anafungua kitambaa na kutoa koleo dogo jeusi. Msumari wa maungio umekatika.

"Fundi wa kuchomelea kule kwetu kaniambia akiligusa halitafunguka tena," anasema. "Nimepanda bodaboda tangu alfajiri, mgongo wote umekufa."

"Nyie Wamwera mmezoea kubebwa," anatania Eustakio, ambaye ni Mmakua.

"Na nyie Wamakua mmezoea kusema. Tengeneza, mtani."

Koleo lina vikombe viwili vidogo vinavyokutana na kuwa duara, na ubavuni tundu la kupita punje ya mtama. Rabia amebangulia korosho kwa koleo hilo tangu alipomzaa Ausi, mtoto wake wa kwanza. Alipewa na marehemu mumewe. Tundu lile aliamini ni la kutolea mafuta ya ganda yasimchome vidole, kwa hiyo akibangua hulielekeza chini.

Eustakio analipindua, tundu likaangalia juu.

"Mama Ausi, hapa hapatoki mafuta. Hapa panamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Ikipoa unafungua, inadondoka golori ya gobore."

"Toba! Miaka yote nabangulia korosho bunduki?"

"Si bunduki. Mama mzaa chakula cha bunduki."

Wanacheka wote wawili. Kisha Eustakio anafuta masizi kwa kidole gumba. Kwenye mpini zinaonekana alama tatu za tindo, moja fupi kuliko zile mbili. Kicheko kinamwisha.

Ni alama ya baba yake, Mzee Protasi, aliyewatengenezea wawindaji magobore. Vibali vya magobore vilipokuwa vigumu kupatikana, mzee aliacha, akawagawia wateja wake wa zamani vyombo vyote ili asirudi nyuma. Baba mkwe wa Rabia alikuwa mmoja wa wawindaji hao.

"Nyumbani hakikubaki hata kimoja," anasema Eustakio. "Mimi alinifundisha jembe tu. Namshukuru, jembe limesomesha watoto wanne. Mvua zikikaribia nafua mpaka majembe ishirini kwa siku. Kiangazi hata mawili nayatafuta."

Koleo lile halitengenezi. "Risasi na chakula havikai chungu kimoja," anamwambia Rabia. Badala yake anachukua kipande cha springi ya gari, anaomba korosho moja kutoka kwenye mfuko wa mgeni wake, na kuanza kufua koleo jipya. Kikombe chake hakiwi duara. Anakipinda kama korosho yenyewe ilivyopinda, anapima, anarudisha motoni, anapima tena.

Jua linafika utosini. Rabia anajaribu ya kwanza. Ganda linapasuka, punje inatoka nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu anaiweka kiganjani na kuitazama kama mtu aliyeokota pete.

"Mungu akupe afya, fundi. Nusu ya punje zangu zilikuwa zinavunjika, nikadhani mkono wangu ndio mbaya. Msimu huu nitapeleka sokoni Nachingwea korosho nzima tupu."

Eustakio anafunga koleo la zamani ndani ya kitambaa kilekile, kwa utaratibu, kona moja baada ya nyingine. Anampa Rabia. Rabia anavuta, lakini vidole vya mhunzi havijaachia.

"Nikupe nini?" anauliza Rabia.

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo nini? Sisi watani, ukitaka kitu unachukua. Hata kuku wangu ungemkamata, nisingefungua mdomo. Sema basi, unataka nini?"

Eustakio anatazama makaa, kisha anamtazama yeye.

"Kuku ningemkamata. Lakini koleo hili lina mkono wa baba yangu, na wewe ulipewa na mumeo. Silichukui kwa utani, Mama Ausi. Naliomba. Nipe."